Gasketi tatu za manifoldi kwa injini ya zamani: ipi inaziba, na lini hakuna itakayoziba

Habari zenu watazamaji. Mezani nina gasketi tatu za manifoldi, yaani zile njia za chuma zinazoingiza hewa na mafuta kwenye injini na kutoa moshi. Hii ya kwanza ni ya nyuzi zilizoshindiliwa, ina uso wa bati upande mmoja. Hii ya kijivu ni grafaiti yenye bati la matundu katikati. Na hii nyekundu ni shaba tupu. Zote ni za injini ya kabureta ambayo manifoldi ya hewa na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja wa silinda hedi na zinagawana gasketi moja. MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, iko hivyo, Land Rover za Series II na III za petroli zenye silinda nne ziko hivyo, na Land Cruiser za zamani za injini ya 2F pia.

Nianze na jambo linalowaudhi wauzaji: gasketi nyingi zinazotupwa hazina kosa. Uso wa manifoldi umepinda, mtu anabadilisha gasketi, wiki mbili baadaye mlio umerudi. Kwa hiyo kabla ya kununua hata moja kati ya hizi, jua kinachovuja na sababu yake.

Kuna uvujaji wa aina mbili. Wa kwanza ni hewa kuingia upande wa kabureta. Gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, mlio unapanda na kushuka, linamisi, wakati mwingine linapiga chafya kwenye kabureta. Ukikanyaga mafuta linatulia. Hiyo tofauti ndiyo inayokupa jibu: kwenye sailensi kipepeo cha kabureta kimefungwa na mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa, kwa hiyo tundu dogo linaingiza sehemu kubwa ya hewa yote ambayo injini inapumua. Kipepeo kikifunguka mvuto unapungua, na tundu lile lile halina tena athari.

Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Injini nzima, karibu na usawa wa bahari, inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa sailensi. Ukiwa nyanda za juu toa kama inchi 1 kwa kila mita 300. Mshale ukikaa chini bila kutikisika, kwa mfano kwenye 13, shuku hewa inayoingia, au taiming (wakati wa cheche) iliyochelewa. Mshale ukiruka kwa mapigo ya kawaida, nenda kaangalie valvu, usihangaike na gasketi.

Sasa tafuta tundu lenyewe. Wengi wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta wanasikiliza mlio. Inafanya kazi, lakini kwenye injini hizi ekzosi imelala chini ya manifoldi ya hewa, tone moja kwenye chuma cha moto na umewasha moto. Mimi nashauri chupa ya kunyunyizia maji. Tazama hapa karibu: nanyunyiza kwenye ungio la silinda ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu... mnaona maji yanavyonyonywa ndani? Na mlio umebadilika kwa sekunde mbili, kwa sababu maji yameziba ufa kwa muda. Fanya hivyo injini ikiwa bado ya uvuguvugu. Chuma cha kutupwa kikiwa kimeiva, usikimwagie maji baridi, kinaweza kupasuka.

Kabla ya kuihukumu gasketi, bana kwa koleo mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye servo ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Sailensi ikitulia, kosa liko huko. Nyunyiza pia ncha zote mbili za ekseli ya kipepeo cha kabureta. Kabureta za miaka mingi zinaliwa hapo, na hakuna gasketi ya manifoldi itakayoponya hilo.

Uvujaji wa pili ni moshi kutoka upande wa ekzosi. Unasikia tik-tik-tik gari likiwashwa asubuhi, likipata moto mlio unafifia kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba pengo. Ukifungua, masizi meusi yanakuonyesha njia. Ukitaka uhakika, chukua mashine ya kufyonza vumbi, geuza ipulize, ingiza mdomo wake kwenye bomba la moshi injini ikiwa imezimwa na imepoa, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu litakuonyesha mahali. Usilipuuze hili, moshi huo una kaboni monoksaidi na unaweza kuingia kwenye kabini.

Haya, manifoldi imetoka. Ondoa gasketi ya zamani ikiwa imelowa, usiikwangue kavu wala kuipiga kwa brashi ya umeme. Nyingi za zamani zina asbesto. Kisha weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zote na ujaribu kupitisha fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia pengo. Hii hapa: bapa la milimita 0.10 halipiti, sawa. Kwenye tundu la mwisho linapita la 0.30. Hakuna gasketi ya kubeba hiyo kwa muda mrefu. Ipeleke ikasawazishwe kwenye mashine, na kama manifoldi mbili zimeunganishwa kwa bolti katikati, zipeleke zikiwa zimeunganishwa, zichongwe kama kipande kimoja. Ukichonga kila moja peke yake, zikiungana moja itatangulia nyingine.

Kwa MGB kuna mtego mwingine. Washa zake nene zinakanyaga flanji (kingo za kufungia) mbili kwa wakati mmoja, ya hewa na ya ekzosi. Flanji moja ikiwa nyembamba kwa nusu milimita, washa inalala upande, inabana nene tu. Pima unene kwa venia, ile koleo ya kupimia. Nati inakaza vizuri, unaridhika, kumbe nusu ya ungio iko hewani.

Turudi kwenye gasketi zetu. Ya nyuzi ndiyo rahisi na inasamehe makosa madogo ya uso. Udhaifu wake ni kwamba inakauka na kuungua kuzunguka matundu ya ekzosi, na ukishaikaza mara moja haifai kurudishwa. Uso wa bati uelekee manifoldi, laini uelekee hedi. Sababu ni hesabu tu: manifoldi ya chuma cha kutupwa yenye urefu wa milimita 600 ikipanda nyuzi 500 inarefuka zaidi ya milimita 3, huku hedi inayopozwa na maji inarefuka kama nusu milimita. Lazima iteleze juu ya kitu, na bati ndilo linaloteleza.

Ya shaba inapendeza macho, na ndiyo ninayoipendekeza kidogo kuliko zote kwa injini hizi. Ni ngumu, haijazi pengo. Inafaa ekzosi iliyo peke yake na nyuso zilizotoka kwenye mashine. Ukiitumia, ilainishe kwanza: ipashe moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe au itumbukize majini, yote sawa kwa shaba, kisha futa magamba meusi.

Ninayoichagua ni ya grafaiti. Inashika umbo la uso, inavumilia joto, na haisinyai sana baada ya kukazwa. Lakini angalia hapa: hii ina pete za chuma kuzunguka matundu ya ekzosi. Isiyo na pete iache dukani, grafaiti inayoguswa na moto na hewa huliwa taratibu kuanzia ukingoni. Ibebe pia kwa mikono miwili, kona zake zinamong'onyoka.

Silikoni usipake. Petroli inailainisha upande wa hewa, vipande vinaingia kwenye silinda, na upande wa ekzosi inaungua tu.

Kufunga: stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizosimama kwenye hedi, ziwe safi, na nati za shaba ya njano, hazigandi kwa kutu. Manifoldi mbili zenye bolti za kuziunganisha, kama za 2F, bolti hizo zilegeze kwanza, kaza zote kwenye hedi, halafu ndipo uzikaze. Anza katikati ukielekea ncha, kwa awamu tatu. Kwa MGB kipimo ni futi-pauni 15, yaani kama Nm 20. Ni kidogo kuliko mkono wako unavyotaka, na anayezidisha anavunja stadi au anazuia chuma kisiteleze mpaka kipasuke.

Washa injini, iache ipate moto kamili, zima, ipoe kabisa, rudia kukaza. Rudia tena baada ya kilomita mia chache. Nati moja ikiendelea kugeuka kila unapoirudia, acha kuikaza: stadi inang'oka kwenye hedi, na uzi unahitaji kutengenezwa kabla ya gasketi ya nne.