Uzoefu wangu wa kufiti Tristan kwa vita vya pleksi ndogo, EVE Online

Wengi wakisikia EVE Online, gemu ya mtandaoni ya meli za anga za juu, wanawaza yale mavita ya maelfu ya watu na mameli makubwa, mi huko sijawahi kuvutiwa kabisa. Kilichonishika ni faction warfare, vita vya himaya za ndani ya gemu, hasa zile pleksi (maeneo ya kugombania yenye geti la kuingilia) ndogo kabisa kule lowsec, kwenye ulinzi mdogo, upande wa himaya za Gallente na Caldari. Geti lake halipitishi kitu kikubwa kuliko friget, yaani meli ndogo ya kivita, kwahiyo hata jamaa aje na meli ya vita ya bei mbaya atabaki nje anazunguka tu.

Halafu inatufaa sana sisi wa intaneti ya kuungaunga. Seva inahesabu mambo sekunde kwa sekunde, sio kama gemu za bunduki ambazo mtandao ukikwama kidogo tu ushakufa. Huku pambano nusu yake linaisha kabla hujatoka steshenini, kwenye kufiti, yaani kuchagua vifaa vya kufunga kwenye meli.

Mi napanda Tristan, friget ya Gallente inayotegemea droni. Matundu ya katikati ya kufunga vifaa ni matatu: aftabena (ya kuongeza spidi), skrambla (ya kumzuia adui asitoroke), webu (ya kumpunguza spidi). Utaambiwa weka MWD badala ya aftabena, ina spidi zaidi, sawa, ila skrambla ya adui ikikudaka MWD inazimika hapo hapo na aftabena inaendelea kama kawaida. Na utamu wa pleksi ni kwamba anayepita getini anatua kwenye bikoni, alama iliyo ndani, unajua kabisa atatokea wapi, kwahiyo natangulia ndani nakaa kama kilomita 8 hivi namsubiri, skrambla ya T2 (daraja la pili) inafika 9, webu 10, akitua tu nimemshika, droni tano zinaanza kumtafuna na tatu za akiba ziko ndani. Akijikokota mpaka kunifikia anakutana na neutralaiza, inamkausha kapasita (akiba ya umeme wa meli), na blasta (bunduki za karibu) bila kapasita ni mapambo.

Kwenye matundu ya chini naweka ile ripea ya deraya, kifaa cha kukarabati meli vitani, inayokula pesti ya kukarabatia. Ina nguvu kweli, ila pesti ikiisha kuijaza upya ni dakika nzima, na kwa friget dakika nzima ni msiba.

Hela? Akaunti ya bure ya Alpha inatosha kwa friget, Omega, ile ya kulipia, ni dola 19.99 kwa mwezi tangu 2022, mi naona ni ghali kwa raha ya aina hii. Afadhali kuna simulesheni ya kufiti ndani ya gemu yenyewe, unajaribu mpangilio wowote bila kununua kitu. Kinachoniudhi ni seva kuzimwa kila siku saa nane mchana kwa saa zetu, na wale wanaoingia watatu kwa mpigo, hapo fiti yoyote haikusaidii, meli ikilipuka imeenda.

Ukijaribu hii fiti, chungulia skana kila mara uone ni meli gani inakuja. Incursus, friget ya blasta, mngoje. Kestrel ni kesi nyingine, roketi zake hazili kapasita, neutralaiza yako haizizimi, mi huwa nasepa kabla hajatua.