Msalaba wa Rubens au wa Velázquez?

Wapenzi wa michoro ya karne ya 17 hawaishi kubishana: mchoro upi wa Yesu msalabani unasema zaidi, wa Rubens ulioko Antwerp, Ubelgiji, au wa Velázquez ulioko Madrid, Hispania?

Tuanze na alama. Velázquez, mnamo 1632, alimwacha Yesu peke yake gizani. Hakuna Maria, hakuna askari. Hesabu misumari: ni minne, si mitatu, na miguu imekaa sambamba juu ya kibao, kama alivyoshikilia Pacheco, mwalimu wake ambaye pia alikuwa baba mkwe. Juu ya kichwa kuna maandishi ya Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Halafu zile nywele, zimeanguka zikafunika nusu ya uso. Hapo ndipo mimi hunaswa kila mara.

Rubens (1610–1611) ni vurugu tupu. Wanaume wenye misuli wanainua msalaba uliokaa mshazari, mbwa yuko pembeni, Yesu ameinua macho mbinguni. Mchoro una mbao tatu, wa katikati na mabawa mawili: bawa la kushoto lina Maria na Yohane, la kulia askari na wanyang'anyi wawili. Kwa kusimulia kisa, anashinda bila jasho.

Ila ubao wake wa katikati una urefu wa zaidi ya mita 4, ulichorwa kwa ajili ya altare. Ukiufanya picha ndogo ya ukutani, watu wanabanana. Wa Velázquez hupungua bila hasara.

Mwalimu wa katekisimu mwenye watoto wadadisi achukue Rubens. Anayetafuta picha ya kusali mbele yake usiku, nyumba ikiwa kimya, atazame Madrid.