Sufuria ya presha ya lita tano, kwa mzee asiyetaka vya kusagwa

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyebakiwa na meno ya mbele tu, na hataki kabisa kulishwa vitu vya kusagwa, nunueni sufuria ya presha. Ninayoisifu hapa ni ya alumini, lita tano, ya kubandika juu ya jiko la gesi, yenye kile kizito kinachopiga mluzi. Niliinunua hapa Tanga mjini kwa shilingi 75,000, na ningeinunua tena leo.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyewafundisha kupika wanawake wa nyumba yetu, na mimi pia, basi ulimi wake haudanganyiki. Ukimletea maharage yaliyopita kwenye blenda anasukuma bakuli: "Mume wangu, mie sijawa mtoto." Anataka aone harage zima, punje ya mchele, nyama yenye nyuzi zake, ila vyote viwe laini vya kupondeka kwa ufizi. Blenda haimpi hicho. Sufuria ya kawaida inaweza, lakini maharage makavu yanataka saa mbili na zaidi, na gesi inaisha huku unaitazama.

Katika sufuria ya kawaida maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100. Humu mvuke umebanwa, joto linafika karibu 120, na ugumu wa harage unakwisha bila harage kuvurugika. Nayaloweka usiku, mluzi ukilia napunguza moto, nahesabu dakika 20. Kwa mwenye meno yake, dakika 12 zinatosha. Kisha nazima na kuiacha presha ishuke yenyewe. Ukimwagia mfuniko maji baridi ili ufungue haraka, maharage yanapasuka, maganda yanaachana nayo, na ganda ndilo bibi analolitema. Tui zito naliweka mwisho, sufuria ikiwa wazi, moto mdogo. Msilifungie ndani: linakatika, na povu linaweza kuziba tundu la mvuke.

Lakini chakula chake hasa sasa ni mseto. Kikombe cha mchele, nusu kikombe cha choroko za kupaazwa, maji vikombe vitano, chumvi kidogo, dakika 10, halafu tui. Anaula kwa mchuzi wa changu niliyemchambua miba kwa vidole. Samaki mwenyewe simtii humu kamwe. Anaiva upesi mno, presha itamvuruga.

Na bokoboko! Zamani ilikuwa kazi ya kuamka alfajiri. Sasa nalowesha ngano iliyokobolewa usiku kucha, natia na nyama ya steki, dakika 50 chini ya presha. Kuliponda kwa mwiko hakukwepeki, na mkono utauma. Bibi hulionja kwa ncha ya kijiko, akinyanyua kuona kama linavutika. Likivutika anaitisha samli na sukari, nami najua nimefaulu. Kongoro nalo, lililokuwa likikesha jikoni, linaachia mfupa kwa saa moja na kidogo.

Kasoro zipo. Mpira wa mfuniko hukakamaa, mvuke ukaanza kutoka pembeni na presha isijae, kwa hiyo nunueni wa akiba siku hiyo hiyo, wa kipimo hicho hicho. Skrubu za mpini zinalegea. Nazikaza mara kwa mara. Mluzi unamshtua bibi akiwa amelala, hivyo kazi ya presha naimaliza kabla ya adhuhuri. Kijitabu kilichokuja nayo hakina neno la Kiswahili, na hilo limenikera sana, maana ni chombo cha hatari mikononi mwa asiyekijua. Basi shikeni haya: msijaze kupita theluthi mbili, na vinavyovimba kama maharage, mchele na ngano viishie nusu. Kabla ya kufunga, tazameni tundu la mvuke kwenye mwanga mhakikishe liko wazi. Mfuniko ukikataa kufunguka msiulazimishe, presha bado imo.

Mzee akiwa peke yake, ya lita tatu inamtosha kwa mseto na maharage. Mimi nashauri ya tano, kwa sababu ya kongoro, na kwa sababu bokoboko likiiva wajukuu wote wanatokea.