Miezi mitano na mchezo wa umeneja wa NFL: hesabu zimeiva, usiku wa drafti bado mbichi

Jina la mchezo siliandiki. Bado nawadai wenyewe dola 14 na senti 99, habari yake nitaifikia, na sitaki ionekane nimekuja hapa kumchafua mtu. Anayecheza michezo ya umeneja kwenye kompyuta ataujua kwa ule ukurasa wa hesabu wenye safu za miaka mitano mbele, nyekundu na kijani, unaokufungukia kabla hata hujaonyeshwa mchezaji mmoja. Niliununua mwezi wa Novemba kwa dola 30.

Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani kwao, zamu ya usiku, hapa Minneapolis. Mzee niliye naye sasa ana miaka 81, usingizi haumjii kabla ya saa tisa, na ni mtu wa Vikings, timu ya hapa, mpaka kwenye soksi. Mimi nimekulia kwenye mpira wa miguu, ule wa usajili: ukiwa na hela unamnunua unayemtaka, ukiwa huna unaazima. Babu huyu ndiye aliyenieleza kwamba futiboli yao ya Kimarekani, kwenye hiyo ligi ya NFL, ina utaratibu mwingine. Vijana wanaotoka vyuoni hawachagui timu. Timu ndizo zinazowachagua wao, kwa foleni, raundi 7, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anayetangulia. Hiyo ndiyo drafti, siyo ile ya vizibo vya soda. Juu ya hapo kuna ukomo wa mishahara, mmoja kwa timu zote 32. Ulipoanza mwaka 1994 ulikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2025 ulifika milioni 279.2. Mwenye timu awe tajiri namna gani, mstari ni uleule.

Nilikuwa naitikia tu "sawa babu" huku sielewi. Ndiyo maana nikanunua.

Nianze na kilichonishikisha, yaani hesabu. Wachezaji wa mchezo huu ni wa kubuni, timu zina majina ya miji tu, lakini sheria za pesa wamezichukua jinsi zilivyo. Msimu wangu wa kwanza nilimsajili mchezaji huru, mlinzi wa pembeni wa miaka 29, mkataba wa miaka 5. Mshahara wa kila mwaka ulikuwa mdogo, ila pesa ya kusaini milioni 20, taslimu, siku ileile. Nikafungua ukurasa wa hesabu nikitegemea kuona nyekundu, nikakuta mwaka ule nimeandikiwa milioni 4 tu. Pesa ya kusaini inagawanywa kwa miaka ya mkataba, mradi isizidi mitano. Nikajiona mjanja. Nikasajili wengine watatu kwa mtindo huohuo, babu ananiangalia tu pembeni na kikombe chake cha maziwa, hasemi kitu.

Kabla ya msimu wa tatu goti la yule mlinzi likawa limekwisha. Nikabonyeza kumtema. Kikatokea kisanduku kidogo cha kijivu: ukimwacha leo, milioni 12 zinaingia kwenye hesabu za mwaka huu. Kwa nini 12? Kwa sababu misimu miwili nilikwisha kuandikiwa 8, na zilizobaki hazisamehewi, zinaanguka zote kwa mpigo. Mtu hayupo, jezi amerudisha, na bado anakula nafasi ya watu watatu. Wenyewe wanaziita pesa mfu. Kisanduku kikanipa na njia ya pili: nikimhesabu kama aliyeachwa baada ya tarehe 1 Juni, mwaka huu nabeba 4 na mwakani 8. Kifo kilekile, mazishi mara mbili. Nikamuuliza babu kama haya yapo kweli au wametia chumvi. Akanitajia timu ya Denver: walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024 walibaki na dola milioni 85 za namna hiyo, zikagawanywa katika miaka miwili.

Kwa ukurasa huo peke yake nisingewadai chenji. Sijawahi kuona mahali jambo hili limeelezwa vizuri hivyo bila mtu kuandika aya hata moja ya maelezo. Unaungua, unaelewa.

Na ukishaungua ndipo drafti inaanza kuwa na maana. Mwanzoni nilidhani unakwenda kutafuta nyota. Kumbe unakwenda kununua miaka minne ya bei rahisi. Tangu mkataba wa pamoja wa ligi na wachezaji wa mwaka 2011, chipukizi analipwa kulingana na zamu aliyochukuliwa, hakuna kuvutana. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza kuchaguliwa, alisaini miaka 6 ya dola milioni 78. Mwaka uliofuata Cam Newton, naye wa kwanza, akasaini miaka 4 ya milioni 22. Babu ana mfano wake wa nyumbani. Mwaka 2020 Vikings walimpeleka mpokeaji wao Stefon Diggs timu ya Buffalo, wakapata zamu ya 22, wakamchukua mpokeaji mwingine, Justin Jefferson. Miaka minne ya mkataba wake wa kwanza haikufika milioni 14 kwa ujumla. Mwaka 2024 wakamwongezea mwingine, wastani wa milioni 35 kwa mwaka. Mtu ni yuleyule na mikono ni ileile. Tofauti hiyo ya bei ndiyo unayoitumia kulipia wengine, na ina saa inayohesabu kurudi nyuma.

Mchezo huu unaionyesha saa hiyo bila huruma. Kwotabeki wangu, yule anayerusha mipira na kuongoza mashambulizi, nilimchukua raundi ya pili, kijana ana mkono wa wastani lakini haogopi. Msimu wa nne tukabeba kombe, na yeye alikuwa analipwa chini ya milioni 3. Siku tano baadaye (siku za mchezo) wakala wake akaleta barua: milioni 52 kwa mwaka. Nilimchukia kwa dakika kadhaa, kusema ukweli. Halafu nikakumbuka Brock Purdy, kwotabeki wa San Francisco, zamu ya 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa kuchaguliwa, aliyewafikisha Super Bowl, fainali ya ligi, kwa mshahara usiofika milioni moja. Mwaka 2025 na yeye akasaini miaka 5 ya milioni 265. Deni la kijana wa bei rahisi huwa linakuja. Nilimlipa wangu, nikawatema walinzi wawili na mpiga mipira, msimu uliofuata tukafungwa kama ngoma.

Sasa usiku wenyewe wa drafti. Hapa walilala.

Timu nyingine zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ina moyo wa sadaka. Kubadilishana zamu na timu nyingine kunafuata chati inayoipa kila zamu pointi zake: zamu ya kwanza 3000, ya 16 ni 1000, ya 32 ni 590. Hiyo chati ni ya kweli, ilitoka timu ya Dallas enzi za kocha Jimmy Johnson mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba kompyuta inathamini majina kuliko magoti. Nilimpeleka mkimbiaji wa miaka 31, mkataba wake umebaki mwaka mmoja, nikapewa zamu ya raundi ya kwanza ya mwakani na ya pili juu yake. Nikarudia kwa timu nyingine. Kufika msimu wa tano nilikuwa na zamu nne za raundi ya kwanza katika drafti moja. Babu alipoona akanyamaza, kisha akasema: "Huo ni wizi, mwanangu. Nimeshawahi kuibiwa hivyo."

Alimaanisha Oktoba 1989. Vikings waliwapa Dallas wachezaji watano na rundo la zamu ili wampate mkimbiaji mmoja, Herschel Walker. Mojawapo ya zamu hizo Dallas waliitumia kusogea mbele mwaka 1990 na kumchukua Emmitt Smith. Wakaja kubeba Super Bowl tatu katika misimu minne. Vikings hawajabeba hata moja mpaka leo. Ile chati ya pointi babu hataki hata kuiona kwenye kioo. Nikiifungua anageuza kiti. Kwa hiyo ninaposema upande huu wa mchezo ni rahisi mno, sijalalamika kwa niaba yangu tu. Kubadilishana kunakuwa na utamu pale anayekaa upande wa pili anapokuwa na akili zake timamu.

Halafu kuna saa. Raundi ya kwanza unapewa dakika 10, na programu ikiganda, saa haigandi. Ilinitokea zamu ya 7. Kioo kikasimama, duara linazunguka, naisikia mashine ya hewa ya babu tu ikivuta na kutoa. Kilipoamka, timu mbili zilikuwa zimenipita. Niliwaka. Babu akacheka mpaka nikamshikia bega asikohoe, kwa sababu kumbe mwaka 2003 Vikings wenyewe, zamu hiyohiyo ya 7, walikuwa wanahangaika na mpango wa kubadilishana, saa ikawaishia, Jacksonville na Carolina wakawapita, wakaja kuchagua wa 9. Walimpata Kevin Williams, akaja kuwa mmoja wa watu bora wa mstari wa mbele wa zama zake. Mimi nilimpata mpokeaji aliyevunjika kifundo cha mguu mwezi wa Agosti. Saa inaweza kuzimwa kwenye mipangilio, ukurasa wa tatu chini kabisa. Izimeni.

Na hizi hapa dola 14.99. Kila kijana anakuja na alama kwa kukadiria, tuseme 55 hadi 80, na hiyo naikubali. Hakuna anayemjua mtu wa miaka 21. Ila wanakuuzia "pakiti ya wasaka vipaji" inayobana makadirio. Nilinunua saa nane usiku, nikakatwa mara mbili. Nimewaandikia mara tatu, na mara zote tatu mashine imenishukuru kwa kuwasiliana nao. Pakiti yenyewe iliniambia kijana fulani ni 74 hadi 79. Akaishia 58. Nilitaka kuliandika hili kama kosa, lakini babu anasema hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote yaliyomo humo, kwamba timu hulipa wasaka vipaji mwaka mzima na bado zinakosea. Basi pengine ni ufundi. Hata hivyo usiwape hela. 55 hadi 80 inakutosha, na mara ya pili nilipocheza bila pakiti sikufanya vibaya zaidi.

Kuna jambo dogo ambalo wahakiki wengine sioni wakiligusa. Mwisho wa Agosti kikosi cha watu 90 lazima kishuke mpaka 53. Mchezo ungeweza kukuwekea kitufe kimoja ukatema wote 37. Haukufanya hivyo. Unambonyeza mmoja mmoja, picha yake inakuja kubwa, chini yake chuo alichotoka na zamu aliyochukuliwa, na unasubiri sekunde kama mbili kabla haijakubali. Mara ya kwanza nilifanya haraka haraka. Msimu wa pili nikajikuta nimesimama kwa kijana wa raundi ya 7, mtu wa mstari, mrefu, alama zake za kusikitisha. Nikampeleka kikosi cha mazoezi badala ya kumwacha. Baada ya misimu miwili ndiye aliyekuwa anamkinga kwotabeki wangu upande wa kushoto. Babu akaniambia habari ya Jordan Mailata, kijana wa ragbi kutoka Australia ambaye hakuwahi kucheza futiboli hii hata siku moja. Philadelphia walimchukua zamu ya 233 mwaka 2018, na Februari 2025 alikuwa upande wa kushoto wa mstari wao walipobeba Super Bowl. Wangu hakuwa Mailata. Lakini nilimwongezea mkataba kabla hajaleta wakala, na katika ukurasa wa hesabu jina lake ni la kijani miaka yote mitano.

Kwa dola 30 chukueni, hasa kama mna mtu wa kubishana naye. Picha za mechi zenyewe ni mbaya, wachezaji wanakimbia kama wanatafuta choo. Mimi huwa naziruka. Kompyuta ya zamani inatosha, yangu ni ya mwaka 2017 na inaganda siku za drafti tu.

Hivi sasa niko msimu wa saba, zamu ya 19, saa nimeizima. Mimi nataka kuiuza nipate mbili za raundi ya pili, maana kwotabeki bado anakula milioni 52 na nahitaji miili ya bei rahisi. Babu anataka mtu wa mstari, yule mwenye mabega, na ameniambia nisiguse kitu mpaka kesho usiku. Ilikuwa juzi. Jana alilala saa nne.