Mzuka Usiopungika: Nilivyomjua Susan Hill kwa The Woman in Black

Riwaya za kutisha nimesoma nyingi, na nyingi kati yake nazifunga nikalala bila shida. The Woman in Black ya Susan Hill haikuniachia usingizi. Ni kitabu chembamba, kilitoka Uingereza mwaka 1983, na nakala yangu nimeipata kwa rafiki anayefanya kazi kwenye nyumba ya wageni Jambiani, ambako watalii huacha vitabu vyao wanapoondoka. Jalada limekunjika na katikati ya kurasa mna mchanga. Nakisifu kitabu hiki kwa moyo mmoja, na naamini msomaji wa Unguja au Pemba atakiogopa zaidi ya wengi wa huko kilikoandikwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Arthur Kipps, wakili kijana wa London, anatumwa na mkuu wake wa kazi akahudhurie maziko ya mteja, Bi Alice Drablow, bibi wa miaka 87, kisha apekue makaratasi aliyoyaacha. Nyumba ya marehemu, Eel Marsh House, imesimama peke yake kwenye kinamasi nje ya mji mdogo wa Crythin Gifford. Njia ya kuifikia ni tuta linaloitwa Nine Lives Causeway. Maji yakipwa linapitika, maji yakijaa limezama, na aliyeko nyumbani kule ndiyo kabaki kule.

Aliyekwenda kisiwa cha Uzi kwa ile njia ya zamani kutoka Unguja Ukuu haya hahitaji kuelezwa. Mikoko kulia na kushoto, mawe yanayoteleza chini, na ukikanyaga pembeni mguu unazama kwenye tope jeusi na kiatu kinabaki humo. Kabla hujatoka unauliza kwanza: maji yanajaa saa ngapi? Leo bamvua au maji mafu? Hakuna mtoto wa Uzi asiyejua kuuliza hivyo. Kipps ni mtu wa mjini, hajui, wala hajali. Amepelekwa asubuhi kwa gari la farasi na Keckwick, ambaye angekuja kumchukua baadaye. Yeye anaona kungoja kunamchosha, anaamua kurudi mjini kwa miguu. Akiwa katikati ya tuta ukungu unashuka kutoka baharini, haoni hata mkono wake. Nilipofika hapo nilisema kwa sauti, "Rudi wewe, rudi!"

Na hapa ndipo Susan Hill alipoonesha ufundi wake. Kipps haoni kitu. Anasikia. Magurudumu yanakuja, farasi anakwenda, mara sauti zinabadilika: farasi anahangaika, maji yanavuta, kitu kizito kinazama, na ndani yake mtoto analia kwa hofu. Halafu kimya. Anajua kuna watu wamezama hatua chache kutoka aliposimama na hawezi kwenda kuwasaidia, kwa sababu akitoka kwenye tuta atazama na yeye. Anarudi ndani ya ile nyumba, anangoja. Usiku wa manane kengele ya mlango inalia. Ni Keckwick, mzima, amekuja kumchukua ukungu ulipoondoka. Basi wale waliozama ni nani? Ukurasa huo niliusoma, nikarudi nyuma nikausoma tena.

Mwanamke mwenyewe wa jina la kitabu tunamwona mapema, kanisani, mchana kweupe. Kwetu mwanamke aliyevaa nyeusi hamtishi mtu. Pita Darajani asubuhi uone mabuibui, hao ni mama zetu, shangazi zetu na walimu wa skuli za watoto wetu. Kwa hiyo nilidhani kitabu kingenipita hapo. Hakikunipita, maana mwandishi haitegemei rangi ya nguo. Anatuonesha uso uliokondeana, ngozi imeshika mfupa, macho yamezama, na Kipps kwanza anamhurumia, anadhani ni mgonjwa aliyekuja kumzika mtu wake. Anapomtajia Bwana Jerome, mwenyeji aliyekuwa naye mazikoni, yule mtu mzima anabadilika rangi na kushindwa kutembea.

Mwandishi mwenyewe nilikuwa simjui kabla ya hapo, nikaanza kumfuatilia. Alizaliwa mwaka 1942 Scarborough, mji wa pwani huko Yorkshire. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1961 akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Kabla ya mzuka huu alishajulikana kwa riwaya nyingine, na The Bird of Night ya mwaka 1972 ilimpatia tuzo ya Whitbread. Baadaye akaandika pia za upelelezi, mfululizo wa Simon Serrailler, kuanzia 2004. Nikasema ndiyo maana. Huyu si mtu aliyekaa kutafuta namna ya kututisha tu. Ni mwandishi anayeijua huzuni, na bahari ameikulia pembeni.

Likizo nilikichukua kitabu nikaenda nacho Uzi kwa shangazi yangu. Kiingereza hakijui, kwa hiyo jioni tukikaa barazani nikawa namhadithia sura baada ya sura, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Alisikiliza vizuri sana. Ukungu, farasi, mtoto anayelia, yote aliyapokea bila kushangaa. Nilipomfikisha pale tunapojua kwamba kila mara mwanamke yule anapoonekana, mtoto wa mtu katika mji ule hufa, aliacha kuchambua.

"Anataka nini?"

"Kitabu hakisemi kama anataka kitu, shangazi. Mwanawe alikufa, ndiyo anachukua vya wenzake."

"Hawajamuuliza?"

"Hakuna aliyemuuliza."

"Basi huyo hapungiki, mwanangu. Mtu keshakufa, mwanawe keshakufa, sasa atapewa nini?"

Swali lake hilo ndilo limenifungulia kitabu kizima. Sisi tumelelewa na hadithi za majini na mashetani wenye madai. Mtu akipandwa, hupelekwa kwa mganga, ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa, na shetani akaulizwa jina lake, kwao, na anachokitaka. Kibuki, aina mojawapo ya mashetani, atataka asali na brandi. Mwingine atataka nguo, mwingine kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji yakanywewa. Akipewa chake hutulia, na aliyepandwa akarudi kwenye shughuli zake. Hata anayepinga mambo hayo, na wapo wengi wanaoyapinga kwa dini yao, anaujua mpango huo wa kupunga: pana mazungumzo, pana makubaliano. Crythin Gifford hakuna. Hakuna mganga, hakuna kilinge, na padri wao hana la kufanya. Anachokitaka mwanamke yule hakuna mtu duniani wa kumpa. Hofu hiyo sijawahi kukutana nayo katika hadithi zetu.

Kingine kinachoumiza ni jinsi watu wa mji ule wanavyonyamaza. Mwenye nyumba ya wageni anageuza maneno, Jerome anakimbia, hata Samuel Daily, tajiri mwenye roho nzuri anayempa Kipps mbwa wake wa kike Spider amfuate kule, anasema nusu nusu. Huku kwetu, mwaka 1995 kilipoingia kishindo cha Popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani, kuanzia Pemba mpaka Unguja, watu walilala nje kwa makundi, majirani pamoja, wakiota moto na kuzungumza hadi kuche. Ilisemekana hata kwamba aliyekumbwa ni lazima awaeleze wenzake. Waliamini wasiamini, watu walikuwa pamoja. Kipps analala peke yake katika nyumba iliyozungukwa na maji, anasikia kitu kikigonga sakafu, taratibu, kwa mpigo mmoja, nyuma ya mlango wa chumba uliofungwa usio na tundu la ufunguo. Spider amesimama mbele ya mlango ule nywele zimemsimama. Yule mbwa nilimpenda, na kuna ukurasa mmoja baadaye, kwenye tope, ambao nilikuwa nausoma huku nikimwombea.

Nitafichua kidogo sasa, mwisho sitausema. Mwanamke yule ni Jennet, ndugu wa marehemu Bi Drablow. Alizaa nje ya ndoa, na jamaa zake wakamlazimisha mtoto ampe ndugu yake amlee kama wake. Kulelewa na mama mkubwa au mama mdogo huku kwetu ni jambo la kila siku. Mtoto anajua ana mama wawili na anakula kwa wote. Ubaya wa Crythin Gifford ni kwamba mtoto alifichwa ukweli na mama akakatazwa kujitaja. Alikuwa anakaa karibu na mwanawe akiitwa kitu kingine, mpaka siku alipomwona, kwa macho yake, akizama na gari la farasi kwenye tope. Nilimlilia Jennet, na nikaendelea kumwogopa. Kwangu riwaya inayoweza kunitia yote mawili kwa mtu mmoja ni riwaya kubwa.

Waliosoma Muhammed Said Abdulla watakumbuka Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, ambapo mtu anakutwa ameuawa mzimuni, naye mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anaifuata akili mpaka anampata binadamu aliyetenda. Kipps anaanza na akili hiyo hiyo. Nikawa nangoja na yeye aivue siri kama Bwana Msa. Mwandishi hakumpa nafasi hiyo, na kwa mtu aliyekulia na Bwana Msa, kuona akili nzuri ikikosa pa kushika kunatisha peke yake.

Kasoro ziko. Mwanzo unakwenda polepole: Kipps mtu mzima, mkesha wa Krismasi, watoto wa mkewe wanahadithiana hadithi za mizuka, yeye anatoka nje. Vumilia, maana sura ile ina kazi yake. Siri nayo inafunguliwa kwa barua, na naona zimefunguliwa haraka. Ningependa kumsikia Jennet kwa kurasa zaidi. Kiingereza chake kimefanywa cha kizamani kwa makusudi, sentensi ndefu, maneno mengi ya ukungu na vinamasi. Mwanafunzi wa kidato cha nne atahitaji kamusi karibu, lakini ataweza.

Filamu ya mwaka 2012 aliyoigiza Daniel Radcliffe nimeitazama baada ya kitabu. Inashtua zaidi, inaogopesha kidogo, na mwisho wake si wa kitabu, kwa hiyo soma kwanza. Mchezo wa jukwaani ndio natamani kuuona: Stephen Mallatratt aliutunga mwaka 1987 huko huko Scarborough, waigizaji wawili wakibeba karibu kisa chote, na London ukachezwa tangu 1989 hadi 2023, zaidi ya mara 13,000. Kwa jinsi kitabu kinavyotegemea masikio, nasadiki jukwaani kinafaa. Wenzetu wanaotengeneza michezo ya redio wangekitafutia ruhusa wakakifanya kwa Kiswahili, tuta likiwa la mikoko.

Nampa Susan Hill nyota zote tano, na sasa natafuta The Small Hand, mzuka wake mwingine wa mwaka 2010. Nakala yangu iko kwa binamu yangu Makunduchi na imeshapangiwa watu wa kuisoma. Nimewaomba jambo moja tu: yeyote mwenye mtoto mchanga ndani, au mke mjamzito, aipishe zamu yake mpaka baadaye.