Kliniki ya wazee ya Jumatano: daktari nampa nyota tano, foleni nyota mbili

Babangu ana miaka 76, alikuwa karani bandarini. Tangu mama afariki, goti na mtoto wa jicho vimemfungia ndani; hata barazani kwa wenzake haendi. Mwezi wa Rajabu alimpa jirani bao lake la mvule, akalipa madeni yote ya dukani, akaanza kuniambia, "Mwanangu, nimewachosha." Zahanati ya kulipia niliyompeleka kwanza ilimpima presha, ikasema ni uzee tu. Nililia ndani ya tuktuk.

Hapa hospitali ya kaunti mambo yalikuwa mengine. Daktari, mama wa makamo, alimpa Baba shikamoo, akavuta kiti upande wa sikio lake zima, akaniomba nitoke. Baadaye, Baba aliporidhia, niliitwa. Alikuwa amemwuliza waziwazi kama huwaza kujitoa uhai. Mimi swali hilo nililiogopa miezi mitatu, nikidhani nikilitamka nitamtia wazo. Akanieleza kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo, humpa nafasi ya kuutua mzigo. Baba alikuwa amejibu: ndiyo, kila alfajiri.

Kisha, ajabu kwangu, wakazungumza goti kwa muda mrefu. Maumivu yasiyotibiwa, kufiwa, upweke, macho kufifia, kujiona mzigo kwa watoto: alisema hayo ndiyo huwaelemea wazee, na wanaume huzidi kuumia kwa kuwa hawasemi. Akaandika dawa za sonona za wiki moja moja, nizitunze mimi, na barua ya kwenda kliniki ya macho. Nyumbani akanitaka nifungie kabatini vidonge vilivyobaki vya mama na dawa za shamba. Tangu hapo kila Alhamisi muuguzi hupiga simu, na huongea na Baba mwenyewe, si mimi. Hilo nalisifu kuliko yote. Alhamisi Baba huoga mapema.

Foleni ndiyo shida. Tulifika saa moja asubuhi, tukaingia saa sita. Benchi liko juani, choo kina ngazi tatu, kwa watu wa magoti! Dawa moja haikuwepo, tukainunua nje. Usiku hapana mtu, ila daktari alituandikia 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nayo nimeibandika kando ya kitanda chake.

Mjomba alituonya tusiende, eti Baba akisema ukweli polisi watakuja. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mwambieni na jirani yenu anayeogopa.

Mkimpeleka mzee wenu, chukueni mto wa kukalia, maji, na mfuko wenye dawa zote anazomeza. Na akiitwa, mwacheni aingie peke yake kwanza.