Tipu ya Fimbo ya Pool: Kabla Hujalipa, Uliza Kama Itafura

Nilitoa Sh 24,000 Kariakoo kwa tipu tatu, vile vichwa vya ngozi vinavyobandikwa kwenye ncha ya fimbo ya pool. Muuzaji aliniapia ni za Japani, za tabaka, "za mashindano kabisa, dada yangu". Fundi wangu akabandika ya kwanza jioni ileile. Kufikia siku ya nne ilikuwa imefura kama andazi, ngozi imemwagikia pande zote nje ya shaba, ile pete ya kichwani mwa fimbo inapokaa tipu. Siku hiyo nilikuwa nimebakiza mpira mweusi tu, wa mwisho, upo mdomoni mwa shimo. Nikalenga mpira mweupe chini kidogo, upande wa kushoto, ukalia "tak" kavu na kukimbilia kona nyingine. Mchezo ukaisha hapo. Ya pili ilifura wiki hiyohiyo. Ya tatu nimeikata katikati kwa wembe: hakuna tabaka hata moja. Ni ngozi moja iliyochorwa mistari pembeni.

Ndiyo maana leo sitajibu kwa undani swali ninaloulizwa sana, laini au ngumu. Hilo linategemea mkono wako na meza unayochezea. Upana pia nitaupitia haraka: tipu iwe pana kuliko shaba kidogo tu, kisha ikatwe ilingane nayo. Ninachotaka kila mnunuzi akiogope ni kufura, maana wauzaji hawakitaji na wachezaji wengi hudhani wamekosea wao.

Tangu Mfaransa François Mingaud, anayesifiwa kwa kuipa fimbo kichwa cha ngozi mwaka 1807, ngozi hiyo ina kazi ya kuushika mpira kwa muda kama sehemu moja ya elfu ya sekunde bila kuteleza. Ngozi ambayo haikushindiliwa vya kutosha hubonyea kila unapopiga, na ikikosa pa kwenda hutoka pembeni. Ule ukingo unaoning'inia nje ya shaba hauna kitu cha kuuegemeza nyuma yake. Ukipiga mpira katikati hutaona tofauti. Ukitaka kuuzungusha, yaani ukigusa mbali na katikati, ndipo ukingo ule unapokutana na mpira, unakunjika, na fimbo inateleza. Mpira wa mm 57 una nusu-kipenyo cha mm 28 na ushee. Hata kwa tipu nzuri yenye chaki, ukishavuka kama nusu ya umbali huo kutoka katikati unakaribia kuteleza. Tipu iliyofura inakupunguzia hata hicho kidogo ulichonacho. Juu ya hayo ukingo huanza kuvuta gundi, na siku moja tipu nzima inaruka mezani.

Sisi wa pwani tuna tatizo la ziada. Ngozi hunywa unyevu wa hewa, na ngozi yenye unyevu hulainika. Tipu inayovumilia Arusha inaweza kufura Dar.

Ninayoiweka juu ni Kamui, na sioni aibu kuipendelea. Ni ya Kijapani, tabaka nyembamba za ngozi ya nguruwe zilizogandishwa pamoja, na inauzwa kwa viwango vya ugumu vilivyotajwa wazi. Kwa meza zetu za baa ningekushauri ya kati. Yangu ya sasa ina miezi saba na nimeinyoa pembeni mara moja tu, wiki ya kwanza. Ipo pia aina yao yenye kipande angavu chini, kilichowekwa ili gundi isipande ndani ya ngozi na kuifanya ngumu kama mfupa. Kwa fundi anayemwaga gundi kama anabandika soli ya kiatu, kipande hicho kinaokoa sana. Bei yake inauma, lakini nikijumlisha zile tatu za Kariakoo na ujira wa kubandika mara mbili, Kamui ingeniumiza pungufu ya hapo.

Ya pili ni Talisman, nayo ya tabaka za ngozi ya nguruwe. Nimeiona ikifura kidogo siku za mwanzo, kisha inatulia. Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kugusa ngozi hiyo amwulize muuzaji ngozi gani kabla hajatoa pesa, na muuzaji asiyejua jibu asiaminiwe.

Ya tatu ni Elk Master ya kampuni ya Tweeten ya Marekani, ile ya rangi ya bluu inayopendwa na wacheza snuka. Ni laini, inashika chaki vizuri, na ni ngozi moja isiyo na tabaka. Shida ni kwamba tipu mbili za kasha moja hazifanani: moja jiwe, nyingine sifongo. Bonyeza kila moja ubavuni kwa ukucha. Alama ikibaki imedidimia, irudishe. Uliyoichagua ipeleke kwa fundi mwenye jiliwa, aibane usiku kucha kabla ya kuibandika. Usipoibana, itafura, na usinilaumu.

Le Professionnel na Triangle ni ngumu zaidi, hazifuri sana, ila huota kioo juu na kukataa chaki. Zile za kuskrubu na za kofia ya plastiki ni za fimbo za baa. Mwenye fimbo yake asizinunue.

Tipu yoyote mpya icheze siku mbili tatu, kisha iangalie ubavu. Ikiwa imetoka nje, geuza fimbo kichwa chini juu ya ubao mgumu, ukate kwa wembe mpya ukifuata shaba kuizunguka. Zungushia shaba utepe wa karatasi wenye gundi ndipo upitishe msasa laini, ili usiikwaruze shaba wala kuupunguza mti. Baada ya hapo fanya kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka: lowesha ubavu kwa tone la maji, chukua kipande cha ngozi, usugue kwa kasi mpaka vidole vihisi joto na ubavu ung'ae. Hiyo ndiyo inayofunga nyuzi za ngozi zisitawanyike. Tangu nianze kusugua hivyo, hata Elk Master zangu zinakaa mara mbili ya zamani.

Juu, iache na mviringo. Wamarekani hupima kwa sarafu zao za senti 5 na senti 10, ya kwanza ina kipenyo cha mm 21.2 na ya pili mm 17.9, kwa tipu nyembamba ninapenda mviringo wa hiyo ndogo. Chaki ipake kama unapaka rangi ya kucha, kila kabla ya kupiga. Ukikizungusha kichwa cha fimbo ndani ya chaki unatoboa shimo, na ukingo unaouhitaji unabaki mtupu. Ngozi ikibaki kama mm 2 juu ya shaba, badilisha. Fimbo isilale ndani ya buti la gari juani.

Nilimrudia yule muuzaji na vipande viwili vya tipu niliyoikata. Akavitazama, akasema nimeviharibu mwenyewe kwa wembe. Nikamwomba anikatie moja kutoka kwenye kasha lake, mbele yangu, nilipe. Akakataa. Kasha lenyewe halikuwa na jina la nchi, upana wala kiwango cha ugumu, ila lilikuwa na picha ya simba. Wateja wawili waliosimama nyuma yangu, mmoja na fimbo mkononi, walisikia yote, wakanunua hivyohivyo kwa sababu mtaa mzima hakuna mwingine anayeziuza. Kwa hiyo sasa tunaagiza pamoja, wachezaji sita, kasha moja la Kamui kwa mtu anayesafiri, na kila moja ikifika naibonyeza kwa ukucha kabla sijaigawa.